Karata za Malkia, dau la kasino, na swali la "wewe umeongeza nini?"

Najua nimeadimika hapa kibarazani. Kazi zimebana, na joto la Dubai likishapanda halimwachii mtu nafasi ya kukaa akaandika. Leo lakini nina la kusimulia, tena refu, kwa hiyo mwenye chai yake aivute karibu.

Siku hizi za karibuni vijana wa kwetu wamekuwa wakiniuliza swali moja. Mmoja ni mpwa wangu kabisa (anajijua, simtaji). Anasema amebuni namna mpya ya kuweka dau katika mchezo wa ishirini na moja, ule ambao kwenye kasino unaitwa blackjack. Kuna bwana mmoja mjini amemwambia atoe fedha amsajilie "haki ya dunia nzima", halafu kasino za Dubai zitakuwa zinamlipa kila zikiuchezesha mchezo wake. Na kwa kuwa mjomba yuko Dubai, basi mjomba athibitishe.

Haya, mjomba anathibitisha. Kwanza kabisa, hapa Dubai hakuna kasino. Sheria za nchi hii zinakataza kamari isiyo na leseni, na watu wameadhibiwa kwa hilo. Ni kweli kwamba mambo yameanza kubadilika: mwaka 2023 iliundwa mamlaka ya shirikisho ya kusimamia michezo ya kubahatisha, inaitwa GCGRA kwa kifupi, na mwezi Oktoba 2024 kampuni ya Wynn ya Marekani ilitangaza kupata leseni ya kasino. Lakini hiyo ni ya hoteli wanayoijenga kisiwa cha Al Marjan, Ras Al Khaimah, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka hapa, na wenyewe wametangaza kuifungua mwaka 2027. Nadhani habari hiyo ndiyo iliyomfikia yule bwana, naye akaitengenezea mkeka wa kukalia.

Upande wa dini sitauingia, masheikh wetu wameshasema na kila mtu anajua msimamo wake. Mimi nataka kuzungumzia jambo jingine: je, mtu anaweza kumiliki namna ya kuweka dau? Akisema "hii ni yangu, nilipeni", sheria inamwambia nini? Nimelifuatilia swali hili jioni nyingi baada ya kazi, na nimekuta lina historia tamu kuliko nilivyodhani. Tena imeanza na karata zenyewe!

Turudi nyuma miaka mia nne na zaidi. Uingereza inatawaliwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Siku hizo mfalme au malkia alikuwa na desturi ya kuwapa watu wake wa karibu barua yenye muhuri, inayosema: fulani peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuuza kitu fulani. Hizo barua ndizo mama wa kile ambacho leo tunakiita hataza. Kwa asili hazikuhitaji ubuni chochote, ilitosha uwe na mtu ikulu. Mwaka 1598 mtumishi mmoja wa ikulu, Edward Darcy, akapewa barua ya kutengeneza, kuingiza na kuuza karata za kuchezea nchi nzima, yeye peke yake, kwa miaka 21. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kupendeza: eti watumishi na vibarua wanapoteza muda mwingi kwa karata, kwa hiyo ni vizuri biashara hiyo idhibitiwe. Mnaijua lugha hiyo, hata kwetu ipo. Jambo likiitwa la kulinda maadili, angalia nani anakusanya ushuru.

Mfanyabiashara mmoja wa London, Thomas Allein, hakujali. Akatengeneza na kuuza karata zake kama kawaida. Darcy akamshitaki. Mwaka 1602 majaji wakaamua kwamba barua ya Darcy ni batili. Wakataja madhara matatu ya mtu mmoja kuhodhi biashara: bei hupanda, ubora hushuka, na mafundi waliokuwa wakila kwa jasho lao hubaki maskini. Darcy hakuwa amebuni kitu. Karata zilikuwapo kabla yake, na mafundi wa karata walikuwapo kabla yake. Alichokuwa nacho ni karatasi tu.

Kesi hiyo ilipigiwa kelele miaka mingi, na mwaka 1624 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kufuta ukiritimba wa aina ile. Likaacha mlango mmoja tu wazi: mtu aliyebuni kitu kipya kweli, yeye wa kwanza, anaweza kupewa haki ya peke yake kwa miaka 14. Sheria ya hataza ya Uingereza, na ya nchi nyingi zilizofuata nyayo zake, imepitia mlango huo. Kwa hiyo mtu anayebishania hataza ya karata leo amerudi palepale ugomvi ulipoanzia.

Na sisi pwani miaka hiyo tulikuwa wapi? Darcy anapewa barua yake, Wareno wameshaanza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa, tangu mwaka 1593. Na Wareno walikuwa wachezaji wa karata. Sikilizeni maneno yetu wenyewe: karata, ni cartas. Kopa ni copas, shupaza ni espadas, uru ni ouros, pau ni paus. Turufu ni trunfo. Seti, yaani saba, ni sete. Wareno waliondolewa Mombasa mwaka 1698, karata zikabaki.

Lakini kuna kitu kingine ambacho nilikuwa nakitamka tangu utotoni bila kukifikiri. Kwa nini mfalme wa karata tunamwita mzungu wa nne, jeki mzungu wa tatu, na malkia mzungu wa pili? Nenda kwenye michezo ya Kireno kama ule wanaouita Sueca, uangalie pointi: ree ina 11, saba ina 10, mfalme 4, jeki 3, malkia 2. Hesabu hiyo hiyo! Majina yetu yamebeba kanuni za mchezo ndani yake. Jumla ya kila aina ni 30, kwa aina nne ni 120, na anayefikisha 61 ameshinda. Ndiyo maana malkia wetu anakaa chini ya jeki, jambo ambalo wenzangu wa Kihindi na Kifilipino hapa chumbani hawakulielewa mpaka nilipowaeleza.

Kwa karne nyingi watu wa pwani wamecheza hivyo vibarazani na majahazini, wakabadilisha hiki, wakaongeza kile, na hakuna aliyekuja na barua kusema "nilipeni". Nani angemlipa? Hebu fikirieni mzee mmoja wa mtaani aseme: "Zamani aliyefungwa albastini alinunua soda moja. Mimi nimebuni kwamba akifungwa mara mbili mfululizo anunue tatu. Hii ni mali yangu." Baraza lote lingecheka. Na kicheko hicho, ndugu zangu, majaji wamehangaika kukiandika kwa lugha ya sheria kwa zaidi ya miaka 150.

Wamarekani ndio walioliandika vizuri zaidi. Mwaka 1851 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisikiliza kesi iitwayo Hotchkiss v. Greenwood. Ilihusu vishikio vya mlango, vile vya mviringo. Watu walikuwa wakivitengeneza kwa mbao na kwa chuma. Waliokuja wakavitengeneza kwa udongo wa kufinyangwa, wakachukua hataza. Mahakama ikasema hapana: kubadilisha mbao kwa udongo ni kazi ya fundi stadi, si ya mbunifu. Mwaka 1952 wazo hilo likaingizwa kwenye sheria: hata kama kitu ni kipya, hupewi hataza ikiwa tofauti yake na vilivyotangulia ingekuwa dhahiri kwa mjuzi wa kawaida wa fani hiyo.

Hapo nisimame kidogo, maana neno "dhahiri" ndilo lenye kesi zote. Si dhahiri kwako wala kwangu, ni dhahiri kwa fundi. Chukulieni fundi wa kanzu. Mteja analalamika simu inachomoka mfukoni. Fundi anatia zipu kwenye mfuko wa kanzu. Inawezekana ni kanzu ya kwanza yenye zipu mtaa mzima! Lakini kanzu ilikuwapo, mfuko ulikuwapo, zipu ilikuwapo, na fundi yeyote mwenye cherehani angefanya hivyo hivyo akiletewa lalamiko lile. Huyo hajabuni kwa macho ya sheria. Sasa mwingine akija na mashine inayodarizi kofia ya kiua yenyewe, tundu kwa tundu, bila mkono wa mtu, huyo ana la kusema. Mwaka 2007 mahakama ile ile, katika kesi ya KSR v. Teleflex iliyohusu pedeli ya mafuta ya gari, ikaongeza kwamba huyo fundi wa kawaida tusimdhanie kuwa roboti. Naye ana akili, anaweza kuunganisha viwili vitatu vinavyojulikana. Tangu hapo hataza nyingi zikawa rahisi kuangushwa.

Sasa turudi kwenye meza ya kasino.

Miaka mingi michezo ya meza haikuwa na mwenyewe. Blackjack, ruleti, bakara, kila kasino iliichezesha bila kumlipa mtu. Mambo yalibadilika pale watu walipogundua kwamba mchezo mpya wa meza unaweza kukodishwa. Kasino inamlipa mwenye mchezo kodi ya kila mwezi kwa kila meza, kama mtu anavyokodi fremu ya duka. Na ili uikodishe, sharti uwe na kitu cha kumzuia mwingine asiige. Hapo hataza ikaingia.

Mcheza poka maarufu wa Marekani, David Sklansky, amesimulia kwamba mwaka 1982 alitunga mchezo wa poka wa kucheza dhidi ya kasino yenyewe badala ya mchezaji kwa mchezaji. Akaambiwa hauwezi kupata hataza, akauacha. Miaka michache baadaye mchezo unaofanana nao ukatokea kisiwa cha Aruba, ukaitwa Caribbean Stud, ukaenea dunia nzima, nao ukawa na hataza zake. Mwingine ni John Breeding, aliyekuwa dereva wa malori. Mwaka 1983 alianzisha kampuni ya Shuffle Master kwa ajili ya mashine ya kuchanga karata. Miaka kumi baadaye akaleta mchezo wa Let It Ride, na lengo lilikuwa kuzipa kasino sababu ya kuchukua mashine zake. Mnaona akili ya biashara hiyo? Unatunga mchezo ili uuze mashine.

Wa tatu ni Mwingereza Derek Webb, na huyu mkumbukeni maana nitamrudia. Mwaka 1994 alitunga Three Card Poker. Mchezo wenyewe mwepesi: unaweka dau la kwanza, unapewa karata tatu, ukizipenda unaongeza dau jingine sawa na la kwanza, usipozipenda unatupa na dau lako linakwenda. Mgawaji naye ana karata tatu, na zisipofikia angalau malkia analipa dau la kwanza tu. Pembeni kuna dau jingine la kubahatisha kama karata zako tatu zitakuwa na jozi au zaidi. Basi. Mchezo huo ukapendwa kuliko karibu michezo yote mipya ya meza. Webb akajikuta kwenye mabishano ya hataza na wenye Caribbean Stud, na mwaka 1999 akauza haki zake za Marekani kwa Shuffle Master.

Sasa angalieni walichokuwa wakibishania. Karata ni zile zile 52. Meza ile ile. Kuchanga, kugawa, kulinganisha, yote ya zamani. Kinachobadilika ni lini unaweka fedha, kiasi gani, na kwa masharti gani unalipwa. Je, hicho ni kishikio cha udongo au ni mashine ya kudarizi kofia? Kwa muda fulani ofisi ya hataza ya Marekani ililegeza kamba. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa inayosikiliza kesi za hataza kule Washington iliamua kwamba hata njia ya kufanya biashara inaweza kupewa hataza, na maombi ya kila namna yakamiminika.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 2008 mahakama ya Nevada ilibatilisha hataza kadhaa za kampuni kubwa ya IGT katika kesi yake na Bally. Zilihusu mashine za sarafu zenye gurudumu la zawadi juu yake, na sababu ilikuwa hiyo hiyo: dhahiri. Mashine ilikuwapo, gurudumu lilikuwapo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Alice iliyohusu mambo ya benki, ikaweka kizingiti kingine kabla hata ya kufika kwenye swali la dhahiri: wazo tupu halimilikiwi, na kulivalisha vitu vya kawaida hakulifanyi kuwa uvumbuzi.

Mwaka 2016 ikaja kesi ambayo mpwa wangu angeisoma kabla ya kutoa hata shilingi moja. Inaitwa In re Smith. Waombaji wawili walitaka hataza ya namna yao ya kuchezesha blackjack na kuweka dau, kwa karata za kawaida. Ofisi ikakataa, wakakata rufaa, wakashindwa. Mahakama ilisema kanuni za kuweka na kulipana dau ni wazo tupu, jamaa wa mapatano ya fedha ambayo watu wameyafanya siku zote. Na walipouliza "haya, zaidi ya wazo kuna nini?", walikuta kuchanga karata na kugawa karata, mambo ambayo kila mcheza karata huyafanya. Mtaona kwamba ni swali lile lile la fundi limeingia kwa mlango wa pili. Lakini mahakama haikufunga kila kitu: ilisema mtu akija na seti mpya ya karata, ya asili yake mwenyewe, huenda mambo yakawa mengine. Mwaka 2018 wengine walijaribu kwa dadu zenye alama kwenye baadhi ya pande tu, wakaambiwa vile vile kwamba kuchapa alama kwenye dadu hakutoshi.

Mwaka huo huo wa 2018, mwezi Agosti, baraza la wazee wa mahakama kule Chicago liliamua kesi iliyotikisa biashara nzima. Mashine za kuchanga karata za Shuffle Master zilikuwa zimeingia mikononi mwa Scientific Games. Washindani wake walilalamika kwamba hataza za mashine hizo zilipatikana bila kuionyesha ofisi mashine za zamani zilizofanana nazo, halafu zikatumika kuwaburuza wengine mahakamani ili wafe njaa. Baraza likakubaliana nao: fidia ya dola milioni 105, ambayo kwa sheria ya kuzuia ukiritimba huzidishwa mara tatu, ikawa milioni 315. Baadaye pande mbili zikamalizana kwa makubaliano. Soma tena yale madhara matatu ya mwaka 1602, utaona Thomas Allein angeielewa kesi hii bila mkalimani.

Sasa, vijana wangu, kwetu sheria inasema nini? Hapa ndipo nilipocheka peke yangu. Wakati Wamarekani wamegombana miaka yote hiyo, sheria zetu ziliufunga mlango tangu mwanzo. Sheria ya hataza ya Tanzania ya mwaka 1987 inasema mipango, kanuni na njia za kufanya biashara, za shughuli za akili tupu, au za kucheza michezo si uvumbuzi wa kupewa hataza. Ya Kenya ya mwaka 2001 inasema hivyo hivyo. Mkataba wa hataza wa Ulaya wa mwaka 1973 nao umo humo humo. Na hapa Imarati? Sheria ya shirikisho namba 17 ya mwaka 2002 ilisema hivyo, na iliyochukua nafasi yake, namba 11 ya mwaka 2021, imeendelea kusema hivyo. Kwa hiyo hata ile hoteli ya Ras Al Khaimah ikifunguliwa na meza zikapangwa, namna ya kuweka dau haitakuwa mali ya mtu kwa hataza ya nchi hii. Na la mwisho kwenye hili: hakuna kitu kinachoitwa hataza ya dunia nzima. Hataza ni ya nchi kwa nchi. Kuna maombi ya pamoja yanayokuwezesha kuanzia mahali pamoja, mfano kupitia shirika la ARIPO lililoko Harare kwa nchi za Afrika zilizojiunga, lakini mtu akikuambia anayo karatasi moja ya kukulinda Tanga mpaka Las Vegas, mwambie akuonyeshe mwenzako mmoja aliye nayo.

Je, mbunifu wa mchezo hana chake kabisa? Anacho. Jina la mchezo linaweza kusajiliwa kama alama ya biashara. Maandishi ya kanuni, kwa jinsi ulivyoyaandika wewe, yana hakimiliki. Mwingereza Edmond Hoyle alitoa kitabu chake cha mchezo wa karata wa whist mwaka 1742, wezi wakakichapa upesi, mpaka akawa anatia sahihi yake kwenye nakala halali. Kitabu kilikuwa chake, mchezo ulibaki wa watu wote. Na kama umetengeneza kifaa, mashine kweli, nenda mwenyewe ofisini: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya. Uliza ada, pewa risiti. Usipeleke fedha kwa mtu wa kijiweni.

Kuna jambo moja bado, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Neno "hataza" linatumika sasa kuwauzia watu matumaini. Nimetumiwa matangazo ya "mfumo wa kubashiri wenye hataza". Jamani, hataza haisemi kwamba mchezaji atashinda! Michezo ile yenye hataza ilitungwa ili kasino ipate. Katika Three Card Poker, hata ukicheza kwa akili zote, katika kila shilingi 10,000 za dau la kwanza kasino hubaki na kama 340 kwa wastani. Caribbean Stud, kama 520. Na ile "ladha mpya" ya blackjack ambapo ukipata ishirini na moja kwa karata mbili unalipwa 12,000 kwa dau la 10,000 badala ya 15,000 za zamani? Hiyo peke yake humwongezea mwenye meza kama 140 katika kila 10,000 unazoweka. Sehemu kubwa ya "njia mpya za kuweka dau" ni hiyo: kusogeza shilingi chache upande wa pili wa meza bila wewe kuhisi.

Nimesema nitamrudia Derek Webb. Alipata utajiri mkubwa kwa Three Card Poker. Unajua alizipeleka wapi fedha zake? Mwaka 2012 alianzisha kampeni Uingereza dhidi ya mashine za kamari zilizojaa kwenye maduka ya kubeti mitaani, ambazo mtu aliweza kuweka hadi pauni 100 kila sekunde 20. Akagharamia kampeni hiyo miaka kadhaa, na mwezi Aprili 2019 kiwango cha juu kikashushwa hadi pauni 2. Mtu anayeijua hesabu ya meza kuliko sisi sote ndiye aliyesema hizi zinaumiza familia. Mimi maneno ya mtu huyo nayapa uzito kuliko ya mwenye tangazo.

Kwa hiyo wajomba, mashangazi, wenye vijana nyumbani: mtu akija na "njia mpya", iwe ya dau, ya mkopo au ya kuzidisha fedha kwa simu, muulizeni swali ambalo majaji walimuuliza Darcy kwa karata zake na waombaji wa mwaka 2016 kwa blackjack yao. Wewe umeongeza nini ambacho hakikuwapo? Asipokuwa na jibu fupi linaloeleweka, fedha zibaki mfukoni, hata kama mfuko hauna zipu.

Nawasilisha. Wenye kujua zaidi, hasa wanasheria mlioko Dar na Nairobi, karibuni mniongezee. Wazee wa albastini nao waniandikie kanuni za mitaa yao, maana nataka kuzikusanya kabla hazijapotea. Makala ijayo, inshallah, nitawaandikia habari za majahazi ya hapa Deira na mizigo inayokuja huko kwetu.

Wasalaam, na Bi Mkubwa aambiwe simu nitapiga Ijumaa.